Goti la Genowefa

Jagna amekifunga kidude gotini pa bibi yake,
goti la kulia, lile zima:
mikanda miwili juu, miwili chini,
gia ndogo kama meno ya paka,
na waya unaopanda hadi mfukoni
kwenye simu iliyozimika.

"Tembea tu, Bibi, usijikaze.
Kila hatua ikifika mwisho, msuli hufunga breki,
na nguvu ile humwagika bure.
Sisi twaikinga."

Basi Genowefa akashuka ngazi, ghorofa nne,
akavuka ua, akaingia mitaa ya Łódź
yenye theluji iliyochafuka kwa chumvi.
Tiki, tiki. Goti kama lililomeza saa.

Penye kiwanda cha matofali mekundu
(siku hizi kinauza viatu na kahawa)
akasimama.
Umeme nao ukasimama: asilimia tatu.

"Hapa nililea mitambo minane ya kufumia.
Zamu ya usiku, miaka thelathini na mmoja.
Uzi ukikatika kule, nakimbia kule,
ukikatika huku, narudi.
Msimamizi alihesabu mita za kitambaa.
Hatua hakuzihesabu mtu."

Jagna, mtoto wa hesabu, hajizuii:
nyuma ya risiti ya mkate
akazidisha hatua kwa zamu, zamu kwa miaka,
namba ikarefuka kama treni ya makaa.
"Ungeiwasha taa ya ngazi yetu kwa muda wa..."
Akafuta. Akaanza upya.

Wahenga walisema kutembea bure si kukaa bure.
Hawakusema faida huokotwa na nani.

"Ule wangu ulikwenda wapi?" bibi akauliza,
si kwa uchungu; kama mtu aulizaye
mwavuli aliousahau kwenye tramu.
Jagna akatazama kalamu.

Jioni, asilimia kumi na moja.
Hakuitazama picha wala habari.
Akampigia Zdzisława, wa mtambo wa jirani,
aliyebaki kiziwi sikio moja kwa kelele zile.
"Halo! Nakupigia kwa goti!
Kwa go-ti! Hapana, haliumi!"

Wakasema bei ya samaki, wakasema marehemu,
wakamsengenya msimamizi kana kwamba yu mlangoni.
Betri ilipopiga kelele ya njaa
Genowefa akainuka, akaanza kuizunguka meza,
simu sikioni, tiki, tiki,
na jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio
mara mbili,
kisha akachoka yeye.