Haifanyi Kazi

Saa nane usiku, Uyole. Baridi ya Juni
imejilaza miguuni kama paka asiye na mwenyewe,
na ujumbe wako umeingia, ndugu usiyejitaja:
"Haifanyi kazi." Kisha alama nne za mshangao,
zimepanga foleni kama wateja waliopunjwa.

Nini haifanyi kazi?
Mizani? Simu? Umeme wa huko kwenu?
Nchi?

Ukienda kwa fundi baiskeli pale Mwanjelwa
humtupii baiskeli, ukasema "mbovu," ukaondoka.
Unasema: nikipanda mlima mnyororo unaruka,
hasa nikibeba gunia, tena upande wa kulia.
Hujamaliza, ameshashika spana.

Nami ni fundi tu. Mchana nafundisha hesabu
kidato cha pili, chaki mpaka kwenye kope;
usiku naishona hii programu ya mizani,
ya bure, msimbo wake wazi kama gulio:
yeyote aingie, aguse, arekebishe.
Hakuna ofisi. Hakuna bosi wa kunishtakia.
Kuna mimi na blanketi la mistari.

Basi anza na hodi. Si kwamba mimi mkubwa;
hata mlango wa bure ni mlango.
Wapitie kwanza waliokutangulia, huenda mwenzio
alilia kilio hichohicho wiki jana
na dawa ipo, imeandikwa, inakungoja.
Kasoro moja, barua moja. Usinichanganyie
mizani iliyokwama na rangi ya kitufe usiyoipenda
na ombi la kuiweka yote kwa Kinyakyusa
(ombi zuri, ila lije kwa miguu yake).

Mwezi wa tatu aliniandikia mtu wa Mwakaleli,
Subilaga, karani wa kituo cha majani ya chai:

"Habari za jioni. Natumia toleo la pili nukta nne.
Simu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni.
Nimepima kapu la mama Anyosisye, kilo 19 na nusu.
Nikabonyeza Hifadhi. Nilitegemea 19.5.
Imeandika 19. Nimerudia mara tatu, vilevile.
Kilo zikiwa kamili haitokei.
Mvua inyeshe, isinyeshe.
Sijui kama kosa ni langu. Picha hii hapa."

Mvua inyeshe, isinyeshe!
Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.
Ilikuwa nusu kilo. Nusu ya kapu hili, robo ya lile,
ya kila mchumaji, asubuhi na jioni,
tangu Novemba, nilipofuta mstari mmoja
nikidhani nafagia.

Nikarudi nyuma kuwatazama wa kabla yake.
Desemba: "Haifanyi kazi." Januari: "Takataka."
Mwingine: "Mnatuibia," bila jina, bila toleo, bila salamu.
Wote niliwafungia kwa sentensi moja kavu,
"Eleza zaidi," na sikungoja maelezo.
Walikuwa wanasema kweli.
Walikosa adabu, nami nilikosa masikio,
na katikati yetu majani yakawa yanapungua.

Kosa lile lilinichukua dakika sita.
Ile miezi minne hakuna kitufe cha kuirudisha.

Kwa hiyo wewe, wa alama nne,
sikufungii. Nimevua glavu moja ili niandike:
Habari za usiku. Pole.
Ulibonyeza nini? Ulitegemea kuona nini?
Ukaona nini? Ulikuwa unapima nini, na wapi?

Nilidhani utalala. Vidoti vitatu vikaanza kucheza
kwenye kioo, vikazima, vikacheza tena,
kama mtu anayerudi mlangoni kufuta matope.

"Samahani kaka. Ni viazi. Niko Isyonje.
Gunia la mia na moja linagoma kuingia, yale mia yameingia.
Lori linaondoka alfajiri.
Naitwa Gwakisa."

Gunia la mia na moja.
Nikavuta kiti.