Kushuka ni Bure

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Tetri kumi, usikie kisanduku cha chuma kikimeza,
ndipo inapokubali kupanda ghorofa ya nane,
ikilalama njia nzima kama punda wa kukodi.
Kushuka ni bure.
Guliko, mwenye nyumba, alinionyesha siku ile ya kwanza
kwa vidole: juu, lipa; chini, haya, nenda zako.

Zimebaki siku mbili.
Daftari langu limejaa roshani,
roshani za mbao za Tbilisi, zilizotobolewa kama lesi.
Nimezipima upana, kina, kiasi cha kuinama,
maana ndicho nilichotumwa na chuo:
kupima kinachotaka kuanguka na bado hakijaanguka.
Profesa atauliza nyuzi. Hatauliza
suruali za nani zilianikwa pale,
wala habari za paka mwenye jicho moja
aliyelalia utepe wangu, akaikataa sayansi.

Leo sipimi.
Nazurura, mikono mfukoni,
kama mtu aliyemaliza deni.
Pale Daraja Kavu wanauza vitu vya nchi iliyokwisha:
medali, vijiko, kamera zisizo na filamu,
darubini ya askari. Naishika, nautazama mji,
mji unanijia hadi puani,
kisha muuzaji anataja lari sitini
nami naurudisha mji mahali pake.

Kwa Zaza nanunua mkate.
Huubandika kwenye ukuta wa tanuri,
kichwa shimoni, miguu hewani,
nami kila siku naogopa kwamba leo hatoki.
Natafuna ncha kabla sijafika kona.
Mkate wao ni *puri*. Salamu yao ni *gamarjoba*,
na maana yake, naambiwa, ina ushindi ndani.
Watu wanatakiana ushindi asubuhi
wakienda kununua vitunguu!

Jioni ya mwisho Guliko alipika
maharagwe kwenye chungu, ndugu wa yale ya kwetu,
ila giligilani imezidi.
Akainua glasi, kama kila Jumapili: "*Mama!*"
Nikainua juisi yangu ya komamanga
kwa mama yangu, mwenye ulimi wa wembe na cherehani mbovu.
Kisha akaniletea kifurushi. Soksi za sufi,
za kijivu, alizofuma mwenyewe. "*Mama*," akasema tena.

Nikacheka. Mama yangu huvaa viatu vya watoto wa shule,
na hizi mtu angeweza kubebea viazi.

Mjukuu wake, Lasha, akatua uma.
"Kwetu *mama* ni baba," akasema.
"Mama, huyo ni *deda*. Babu ni *babua*."
Babu angalau tumekubaliana.

Ndipo nikaikumbuka siku ya kwanza jikoni,
mkono wake kifuani, akiuliza: "*Mama?*"
nami natikisa kichwa: mzima, mzima kabisa.
Siku ishirini na moja, basi,
katika jiko la ghorofa ya nane
baba yangu amekuwa hai.
Amenyanyuliwa glasi. Ameulizwa kama anasikia baridi.
Baba tuliyemzika nikiwa kidato cha pili,
mvua ikinyesha, jirani akimshikia shehe mwavuli.
Alivaa namba arobaini na mbili.
Zingempwaya kidogo.

"Nimwambie?" Lasha aliuliza.
Nikasema: acha.

Asubuhi nimepanga tetri zangu zilizobaki
juu ya kisanduku cha lifti, kwa atakayepanda.
Sanduku langu zito. Roshani zote zimo.
Soksi nimezivaa, zimejikunja ndani ya viatu
kama kitu kinachotafuta pa kulala.
Guliko amesimama mlangoni na aproni,
ananena haraka, sielewi, nasikia neno moja tu,
lile lile,
na mkono unaopunga kuelekea kusini, mbali:
msalimie.

Mlango unaanza kujifunga.
Najibu kwa lugha yangu, sina nyingine ya kujibia:
zimefika.