Goti la Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri, bati halijaanza kulia kwa joto,
Muhenna ananyunyiza maji sakafuni.
Ndoo mbili za falaji, tumeziomba kwa mwenye zamu.
Vumbi la Ibra likilala, rangi itakubali.
Likiamka, basi tena, tumepaka mchanga.

Vyuma vimelala juu ya jamvi la kuanikia tende,
mia moja na kumi na saba,
kila kimoja na kikaratasi shingoni
kama mtoto anayesafirishwa peke yake.
Kitabu cha ndege kina majina yao. Kwa Kiswahili hatukuwa nayo,
na Muhenna hasemi na chuma kwa lugha nyingine:
Kiarabu, kwake, ni cha benki na cha msibani.
Basi kile kilichopinda tukakiita kiwiko.
Chenye matundu mawili, pua.
Fimbo ndefu iendayo mkiani, utumbo.
Na pande nene linalobeba gurudumu
lilijiita lenyewe: goti.

Kazi yenyewe haina hadithi. Unachuna.
Juu nyeupe, chini yake buluu ya shule,
chini zaidi nyekundu asiyoikumbuka mtu.
Msasa themanini, kisha mia na hamsini,
kisha ule uliokwisha makali, unaobembeleza tu.
Aluminiamu usiiguse kwa brashi ya chuma,
itakuwekea kinyongo, miaka miwili baadaye itaota ukurutu.
Ukishafuta kwa tina, usishike kwa mkono mtupu.
“Jasho lako chumvi, Ghaniya,” ananifokea,
“na chumvi ni kutu iliyovaa kanzu.”
Mimi mhasibu wa manispaa. Kucha zangu zina kijani cha praima;
mikutanoni nakalia vidole.

Jumanne, goti la kushoto.
Rangi haikutoka kwa magamba, ilitoka donge:
putii, ile ya kuzibia milango ya gari,
na chini yake ufa,
mwembamba kama unywele juu ya sabuni.

Muhenna akazima kompresa.
Nikasikia njiwa darini, na pampu ya jirani.
“Putii hii,” akasema, “mkono wangu.”
Walitaka iruke Ijumaa. Dada yake alikuwa anaolewa,
na sonara hakuwa mtu wa kungoja.
Alijaza, akasugua, akapaka, akaigonga kwa kifundo cha kidole,
ikaitika vizuri.
Miaka kumi na moja iliruka kwa goti hilo,
watu wawili wawili, kwenda na kurudi juu ya milima.

“Hakuna aliyeanguka,” nikamwambia.
“Wewe mhasibu. Hiyo ndiyo hesabu?”

Biju wa kulehemu alikuja na miwani yake,
akaligeuza juani, akatikisa kichwa kile cha Kikerala
ambacho mara nyingine ni ndiyo.
Hii haikuwa ndiyo. Akakata, akaunga bomba jipya,
na mkaguzi akaja kutoka Maskati akapiga muhuri.
Kipande kibovu Muhenna hakukitupa.
Kipo rafuni, kando ya vikombe vya kahawa, kitupu,
kila asubuhi anakipaka mafuta kwa kidole
na hanielezi kitu.

Leo tumepaka goti upya.
Kijani kwanza, kikakauka; kisha kijivu, pumzi tatu nyepesi,
bastola ikienda sawasawa, bila kusita kwenye kona.
Tumelitundika kwa waya, linang’aa
kama limetoka kuoga.

Ndipo akaja nzi.
Mmoja, wa tende, akatua palepale,
akazama miguu yote sita.

“Mwache akauke naye,” nikasema. “Hapo ni ndani.
Gurudumu likifungwa hapaonekani.”

Muhenna hakujibu. Alikuwa anaosha bastola,
mgongo kwangu, na tina ikimdondoka kwenye kandambili.

Nikaenda kutafuta msasa.