Mwenye Fimbo

Kazi yangu kundini ni kuchukiwa.
Wengine huimba, Kalsing hupiga ngoma,
mimi hupewa fimbo na kilemba
nisimame mbele ya bomba la maji,
yaani kipande cha mwanzi kilichofungwa kamba.

Mchezo wenyewe hauchukui muda wa chai kuchemka:
binti wa wahunzi anakuja na mtungi wa shaba,
namwambia kivuli chako kimegusa maji,
naupiga mtungi teke, unabingirika.
Basi. Mwisho.
Hakuna anayepiga makofi.

Kisha Nirjala, ambaye jina lake ni "bila maji"
(hilo hutuchekesha tukipanda vilima),
anaingia katikati ya uwanja, anauliza:
"Mmeridhika?"
Watu wanatazama vidole vya miguu yao.
"Haya, tunaanza upya. Safari hii
panapokuuma, sema Simama!
Njoo uvae nafasi ya binti, ujaribu."

Nimejaribiwa katika vijiji saba vya Dailekh.
Yuko aliyenihonga. Yuko aliyenisomea katiba
kifungu kwa kifungu, mpaka jua likazama.
Wanafunzi thelathini waliketi chini mbele ya mwanzi
nami nikaishiwa maneno.
Mama mmoja alinizaba kofi la kweli,
sikio likalia hadi usiku wa manane.
Sheria yetu ni moja: fimbo haibadili mkono.
Mwonevu asigeuke mwema
eti kwa sababu watu wamechoka.

Kijiji cha nane, Dhansara mshonaji,
sindano imechomekwa kwenye shali,
alisema Simama kabla binti hajafika bombani.
Hakuuendea mtungi. Alinijia mimi.
"Ubinti nimeufanya miaka hamsini,
mazoezi yananitosha. Lete hiyo fimbo."

Nilimtazama Nirjala. Nirjala alitazama pembeni.
Nikaitoa.

Akakivaa kilemba upande. Akasimama.
Akakohoa kikohozi fulani, kikavu, cha mara mbili,
na uwanja mzima ukageuza shingo
kwa bwana mmoja kwenye kiti cha plastiki.
"Wewe mtoto wa cherehani," Dhansara akanguruma,
"mama yako alikunywa matope akanyamaza.
Kunywa, unyamaze."
Hatukuwa tumeyaandika hayo.
Wala hakuwa akiigiza: alikuwa anarudisha
kitu alichowekeshwa kwa nguvu
tangu ana miaka sita, hakijapungua hata neno.

Nyuma ya shule, bomba la kweli lilidondoka,
to, to.
Bwana wa kiti cha plastiki hakujibu.
Kisha, hakuweza kujizuia, akakohoa.
Mara mbili.
Mtoto akacheka, uwanja ukacheka,
halafu kicheko kikakatika
kama uzi kwenye jino.

Sitasema kijiji kiligeuka.
Alfajiri, toka darasani tulimolala,
nilisikia mtungi ukijaa taratibu, kwa woga.
Baadaye kidogo nikasikia mtu
akilisugua bomba kwa majivu, kulitakasa.
Fomu ya wafadhili ina visanduku viwili,
Ndiyo na Hapana.
Nilitia alama vyote viwili.

Tukashuka. Njia inapita kwetu, nikawakaribisha.
Mama alimpa Nirjala bilauri ya chuma.
Kalsing, bila kuambiwa,
akachuchumaa nje ya kizingiti, akakinga viganja,
na mama akamimina kutoka juu, birika lisimguse.

Miaka minne tunapita hapa.
Miaka minne, dakika hiyohiyo,
mimi huwa nafunga kamba za viatu.

Sikuwa na fimbo. Sikuwa na kilemba.
Hakuna aliyeniuliza kama nimeridhika.

"Simama," nikasema,
kisauti kidogo, kama mtu anayesafisha koo.
Mama akageuka kunitazama, birika limeinama,
maji yanaendelea kumwagika.