Hali ya Dukani

Ghorofa ya tano, mtaa wa Bałuty, lifti imekufa tangu Jumatatu.
Tuliipandisha runinga mabegani, mimi na Wit,
inchi hamsini na tano, tukipumua kila kona ya ngazi
penye harufu ya kabichi na nta ya sakafu.

Bi Halszka Wrzos alitufungulia na soksi mkononi.
Hakuuliza gharama ya kubeba. Aliuliza:
"Nyeupe yake ikoje?"

Nikaiwasha. Ligi ya daraja la pili, mvua, uwanja wa Radom.
Nyasi zikawaka kijani cha sumu ya panya,
kipa akaiva kama kamba aliyechemshwa.
"Picha safi," nikasema, maana ndivyo tunavyosema,
nikamkabidhi rimoti na daftari la saini.

Hakusaini.
"Kijana, nimetia nyuzi rangi miaka thelathini na mmoja.
Hiyo si nyeupe pe. Hiyo imetiwa buluu,
kama dobi mvivu anavyoficha shuka kuukuu."

Wit akashuka kuwasha gari. Mimi nikabaki na menyu.
Ndani kabisa, chini ya maneno yasiyosomwa na mtu,
niliikuta imeandikwa: Hali ya Dukani.
Yaani ya kupiga kelele chini ya taa mia,
ya kushindana na wenzake ukutani.
Sebule hii ina taa moja, na pazia zito, na Novemba.

Nyumba mia mbili mwaka huu nimeziacha hivyo.

"Shusha," akasema. Nikashusha mwangaza.
"Lakini nyeusi usiiue."
Nikarudi vijino viwili, na koti la kocha,
lililokuwa shimo tu, likatoa mikunjo,
mfuko, kifungo kimoja kimekatika.
Ukali wa picha nikaupeleka karibu na sifuri:
ule uzi mweupe uliowazingira wachezaji ukafumuka.
Nikazima ulainishaji wa mwendo,
mpira ukapata tena uzito wake, ukaanguka kwenye tope
kama kitu kinachoanguka.

Kisha joto la rangi: kutoka baridi hadi vuguvugu.
Mimi niliona manjano, chai ya jana.
"Ngoja. Jicho nalo ni kitambaa,
halishiki rangi mara moja."
Akaenda jikoni. Birika likalia. Tulikunywa bila kusema.
Glasi ilipofika nusu nikatazama tena:
mistari ya chaki uwanjani ilikuwa nyeupe,
na yeye alikuwa ameshaiona kabla yangu.

Wit akapiga honi. Honi ya pili.

Bi Halszka akachomeka kijiti cha kumbukumbu alicholetewa na mjukuu.
Ufuo wa Łeba, filamu isiyo na sauti,
mwanamume anakimbizana na kofia yake,
shingoni skafu nyekundu.
"Zenon. Skafu niliitia rangi mimi. Nambari mia nne kumi na saba."
Akaitoa droo skafu yenyewe, yenye harufu ya kafuri,
akaiweka ubavuni mwa skrini, karibu kabisa,
kama alivyofanya kiwandani, sampuli na kitambaa, sampuli na kitambaa.

Hazikulingana. Filamu imechujuka, skafu imechujuka,
kila moja kwa njia yake.

"Nikoleze nyekundu?" Kidole changu kilikuwa tayari.
Alitazama muda mrefu.
Zenon akaipata kofia, akaipoteza tena.
"Usiguse. Ukiipata skafu
utaupoteza uso."

Akasaini. Jina lake lilijaza mistari miwili.

Kwa mteja aliyefuata tulikuwa tumechelewa, Wit amenuna,
nikaiacha kama ilivyotoka kwenye boksi.
Wa baada yake alikuwa baba mwenye watoto watatu,
mkono tayari kwenye kalamu.
Nikamwambia asubiri,
kisha nikamuuliza kama ana chai.