Msimamizi wa Mtihani

Saa nne asubuhi, Ijumaa, mji wa Houghton, Michigan.
Theluji imefika kwenye vitasa vya magari,
na chumba pekee chenye meza ambacho hoteli imetupa
ni chumba cha kufulia.
Basi hapo ndipo Britta Niemi, kipa wetu, mwaka wa pili,
anapofanyia mtihani wa kemia,
goti moja limefungiwa mfuko wa barafu,
mgongo ameupa mashine
inayokausha jezi ishirini na tatu.

Mimi ni kocha msaidizi. Nanoa viatu vya kutelezea,
nahesabu chupa za maji, naamsha watu.
Leo nimepandishwa cheo.
Profesa Vasudevan ameniletea karatasi nitie sahihi
kwamba sitamnong'oneza jibu.
Nimecheka peke yangu.
Profesa, mimi hata swali silioni:
naona pembesita zenye mikia,
kama kasa wadogo waliopinduliwa.

Jana usiku basi zima lilikoroma midomo wazi.
Wisconsin tuliivuka usingizini.
Yeye aliivuka kwa taa ya kichwani,
akaingia jimboni akiwa ukurasa wa mia mbili na kumi,
na nilipopita kukagua mikanda
alinitazama kama mtu anayetazamwa na saa.

Mshika mbili, moja humponyoka.
Ni kweli; mimi ni shahidi.
Nilikuwa na miaka ishirini, bega la kushoto bado zima,
nikauachia uhandisi
ili niishike fimbo kwa mikono yote.
Bega likaufuata uhandisi.
Lakini aliyeitunga methali ile
hakuwahi kusimama golini.
Kipa hushika mbili. Ndiyo kazi yake.
Kushoto glavu ya kudakia, kulia ngao na fimbo,
na siku mkono mmoja ukijifanya mwenzake,
taa nyekundu inawaka nyuma yako
na watu elfu mbili wanashangilia kosa lako.

Dakika ya thelathini na tano anaweka kalamu.
Anainua mikono mbele ya uso,
viganja vikitazamana.
Nadhani anasali; nainamisha kichwa kwa adabu.
Kumbe anaipindua: huu juu ya huu,
na kidole gumba kinatokea upande usio wake.
Anarudia. Anatikisa kichwa.
Kisha anaandika mistari mitano bila kupumua.

(Baadaye, kwenye ngazi, atanieleza:
kuna molekuli pacha, viungo vilevile, hesabu ileile,
moja ya kushoto, moja ya kulia.
Huwezi kuilaza moja juu ya nyingine ikaenea.
"Na hakuna iliyokosea, kocha."
Nitaitikia kama niliyeelewa.
Usiku, kitandani, nitajaribu kwa mikono yangu,
na bega litanikumbusha lilipo.)

Mashine inalia. Jezi zimekauka.
Siifungui, mlango wake una kelele.
"Dakika kumi," nasema, na sauti yangu
inanishangaza kwa upole wake.
Hainui macho.

Saa moja usiku ataigonga nguzo kwa fimbo,
kushoto, kulia, kuhakikisha ziko palepale.
Yatapita mabao mangapi, sijui.
Alama ngapi, sijui, na Vasudevan hasahihishi
kwa kuonea mtu goti huruma.

Bahasha nailamba, naifunga, natia sahihi:
mtahiniwa hakusaidiwa na mtu.
Kalamu inasita kidogo hapo.
Nani alimwamsha saa kumi na moja?
Nani alimtafutia barafu?
Lakini hakuna nafasi ya kuandika hayo,
na yeye ameshaanza kukunja jezi, namba ndani.

Soksi anazisukumia zote mfuko mmoja,
bila kuchagua.
"Hizi," anasema, "hazina kushoto,"
na kwa mara ya kwanza tangu Duluth
anapiga mwayo.