Mistari Mitatu

Saa tisa usiku, Lira. Jenereta inakohoa;
usinizimikie sasa.
Kwenye visima vya jeli nimetia jeni ya mtoto wa Akullo.
Vipande vinatambaa, vyepesi mbele,
vizito vikijikokota.

Kimeng'enya ni mkasi uliokwenda shule:
kikikuta neno sahihi, hukata;
herufi moja ikikosewa, hupita kimya.

Taa ya zambarau. Nahesabu kwa kidole:
mstari mmoja mzima, miwili ya vipande.
Mitatu.
Amebeba selimundu, lakini haugui.

Asubuhi Akullo atauliza,
"Imetoka kwangu au kwa Okwir?"
Fomu haina nafasi ya jibu hilo.

Naosha trei. Nakunja mkono wa koti,
nautazama mshipa wangu.
Miaka sita hapa,
damu hii sijaipima.